Si kroshia inayovutika: dhana potofu kuhusu mkoba wa kufuma wa kuchangia kasa

"Mzuri, ila kroshia si inavutika?" Hilo husemwa mkoba wa kroshia, yaani uliofumwa kwa sindano moja yenye ndoana, unaouzwa ili kuchangia ulinzi wa kasa, ukiwa bado mezani, na msemaji hasubiri jibu. Kaona mkoba wa wifi yake ulioanza kiunoni ukaishia magotini, basi kwake kesi imekwisha. Wanaojifunza kufuma nao wamelimeza neno hilo, wakipata mkoba uliolegea hawatafuti walipokosea, wanasema ndivyo kroshia ilivyo. Sivyo ilivyo.

Kinachovutika ni uzi usiofaa, jicho refu, sindano kubwa na mkanda usio na kitu ndani. Mkoba ukiwa na mawili kati ya hayo, hata kilo mbili za viazi zitaumaliza.

Tuanze na uzi. Mikoba mingi inayolalamikiwa ni ya akriliki, ule uzi laini wa sweta za watoto. Akriliki ina mnepo, na ikiguswa na pasi ya moto inalegea moja kwa moja. Unaotakiwa ni pamba. Shida ni kwamba uzi mwingi madukani hauna lebo, na muuzaji atakuapia kuwa ni pamba tupu. Usibishane naye. Kata sentimita 10, zichome juu ya kisahani. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu linalosagika kwa kidole. Akriliki inayeyuka kwa moshi mweusi, na ikipoa inabaki punje ngumu isiyosagika. Ukiona jivu na punje pamoja, huo ni mchanganyiko, na kwa mkoba wa sokoni urudishe.

Kisha jicho, yaani kila kitanzi cha ufumaji. Dabo, ambayo uzi huzungushwa sindanoni kabla ya kuchoma, inapendwa kwa sababu inapanda haraka, lakini jicho la dabo ni refu na lina nafasi pembeni. Mzigo ukilivuta chini, uzi uliokuwa kwenye upana unahamia kwenye urefu, na mkoba unarefuka huku ukisinyaa. Ndiyo maana mkoba uliovutika huonekana mwembamba pia. Singo, isiyozungushwa hivyo, ni fupi na imebanana, haina pa kuhamia. Halafu sarafu na kalamu hazipenyi.

Sindano nayo iwe ndogo kuliko lebo inavyosema. Uzi wa pamba wa unene wa kati ukiandikiwa namba 5, yaani sindano ya milimita 5, mkoba ufume kwa namba 4. Fuma kwanza kipande cha kupimia; ndani yake mraba wa sentimita 10 kwa 10 uwe na singo 16 kwa upana na safu 19 kwenda juu. Ukihesabu 14 badala ya 16, mkono wako umelegea, shuka namba 3.5. Kipande hicho cha kupimia ukifue na kukianika kabla ya kukihesabu, maana pamba hurudi ikiloa.

Kwa kipimo hicho, kitako ni cheni (vitanzi vya kuanzia) 53, singo 52, safu 12. Ukimaliza, zunguka kingo zote: 52 upande mrefu, 10 upande mfupi, 52, 10, jumla 124. Ndiyo, 10 kwenye safu 12, kwa sababu safu ni fupi kuliko upana wa jicho, na ukilazimisha 12 kingo zinajikunja mawimbi. Mzunguko wa kwanza wa ubavu chomea uzi wa nyuma tu wa kila jicho ili kitako kikunjike vizuri, halafu mizunguko 60 ya kawaida. Unapata mkoba wa upana wa sentimita 39 na kimo cha 31 hivi. Gramu 300 zinatosha na mikanda ndani yake. Nunua zote kwa pamoja, zenye namba moja ya rangi, kwani bonge la kuongezea mwezi ujao litatoa mstari unaoonekana ng'ambo ya barabara.

Sasa mkanda, ambako ndiko kilio chote kilipo. Wengi hufuma kipande cha singo 6, kwenda na kurudi, mpaka urefu utimie. Mkanda wa sentimita 72 uliofumwa hivyo una safu 130 na zaidi, na kila safu ni mahali pa kuvutika. Ufume kwa urefu: cheni 116, singo 115, safu 6 tu. Kati ya sentimita 72, sentimita 60 ni za begani na 6 kila ncha ni za kushonea. Hata hivyo bado haujaisha. Mgongoni mwa mkanda shonea ukanda wa pamba wa kushonea mabegi, upana sentimita 2.5, na ukate ukanda huo pungufu ya kroshia kwa sentimita 1 ili mzigo ubebwe na ukanda, kroshia ibaki sura tu. Ukiukosa, kipande cha khanga kilichokunjwa mara nne kinafaa, mradi kikatwe kufuata uzi wa kitambaa. Kikikatwa mshazari kinavutika kuliko hata kroshia yenyewe, na umeshona bure.

Bitana ifuate kanuni hiyohiyo. Ikate iwe fupi kuliko mkoba kwa sentimita 1.5 hadi 2. Bitana iliyolingana na mkoba au kuuzidi ni pambo, haibebi chochote. Ncha za mikanda zishonwe kupita kroshia na bitana kwa pamoja, zikishuka sentimita 6 chini ya mdomo, kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Kilo 5 zikigawanywa kwenye ncha nne ni zaidi ya kilo moja kila ncha, na ukitembea mzigo unaruka, kwa hiyo ni zaidi ya hapo.

Jambo moja linalowachanganya hata mafundi: singo ikifumwa mzunguko bila kugeuza kazi huinama upande mmoja, upande wa kulia kwa anayefumia mkono wa kulia. Ukifuata mstari wa macho kutoka kitakoni hadi mdomoni kutafuta pa kushonea mkanda, utaukuta mkanda wa mbele haukabiliani na wa nyuma. Laza mkoba sawasawa, tafuta mikunjo ya ubavuni, uhesabie mdomoni kutoka hapo.

Ukishamaliza, upime mdomo hadi kitako, tia pakiti mbili za unga za kilo 2 na sukari kilo 1, utundike msumarini usiku kucha. Asubuhi upime tena ukiwa bado umening'inia. Ukiwa umerefuka zaidi ya sentimita 2, usiuuze. Fumua mikanda, kagua bitana, na kama ulifuma kwa namba 5, pole.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi.

"Huu umefumwa kwa mashine, punguza." Hakuna mashine inayofuma kroshia halisi. Zipo zinazoigiza sura yake, lakini ukigeuza kitambaa utaona ni ufumaji wa namna nyingine. Mkoba wa vipimo hivi una macho zaidi ya 9,000, na mkono mzoefu wa macho 20 kwa dakika unakaa karibu saa 8 kabla ya kugusa bitana. Aliyeketi saa zote hizo haambiwi apunguze bei kwa sababu ya mashine.

"Nimelipa 30,000, basi kasa wamepata 30,000." Tuseme uzi umekula 12,000, bitana na ukanda 5,000, nauli na mfuko wa karatasi 1,000. Zinabaki 12,000, na hapo mfumaji hajalipwa hata senti. Maneno "faida yote inakwenda kwa kasa" yanaweza kuwa kweli na bado fedha ikawa ndogo sana, kutegemea nani kahesabiwa. Andika kwenye kikaratasi cha bei kiasi kamili: "shilingi 5,000 za mkoba huu zinakwenda kulinda viota." Mnunuzi anaelewa, mfumaji anakula, na anayepokea mchango anaweza kukuuliza ziko wapi.

"Mfuko wa pamba ni uhifadhi, kwisha." Hapa wafumaji nao wanajidanganya. Wakala wa mazingira wa Denmark alitoa utafiti mwaka 2018 uliolinganisha mifuko ya kubebea bidhaa. Mfuko wa pamba ya kawaida ulitakiwa utumike mara 52 ili ulingane na mfuko wa plastiki kwa upande wa tabianchi, na mara 7,100 ukijumlisha madhara yote yaliyopimwa. Kwenda sokoni mara moja kwa wiki, 52 ni mwaka mzima, na 7,100 ni zaidi ya miaka 130. Utafiti huo haukuhesabu mfuko unaoishia baharini, na kwa kasa hilo ndilo kubwa, kwani rambo, ule mfuko mwepesi wa plastiki, likielea majini linafanana na yavuyavu, mnyama wa baharini mwenye mwili kama jeli, na kasa analimeza. Kwa hiyo pamba ina hoja yake pwani hii, lakini kwa mkoba unaobebwa. Mkoba uliotundikwa mlangoni kwa kuwa mkanda ulilegea mwezi wa pili haujamsaidia kasa yeyote. Na ile mifuko myepesi ya rangirangi iliyojaa masokoni tangu rambo zipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, inayoitwa ya kitambaa, mingi ni plastiki vilevile, nyuzi zake ni za polipropilini.

"Basi tufume kwa rambo zilizookotwa ufukweni." Plastiki iliyokaa juani imeshakauka. Ukiikata vipande virefu na kuifuma inapukutika, na vile vipande vidogo vinarudi kulekule ulikovitoa.

"Tuko Tanga, tufume kwa mkonge." Mkonge ndio sifa ya mkoa huu tangu ulipoletwa mwishoni mwa karne ya 19, na kamba yake haivutiki, hilo kweli. Lakini inachubua vidole, inachoma bega lenye nguo nyepesi, na inamwaga vinywele kwenye kila ulichobeba. Iweke kitakoni peke yake, kamba nyembamba kwa sindano namba 6 au 7, na punguza idadi ya macho ili kitako kisizidi ubavu. Mikanda iache ibaki pamba.

La mwisho ni mapambo. Kuna wanaoamini mkoba wa bahari lazima uwe na kitu cha bahari, basi wanashonea makombe, na wengine wanaulizia kifungo cha gamba la ng'amba, eti ni la zamani, la bibi. Ng'amba ni kasa. Biashara ya kimataifa ya gamba lake imezuiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mkoba wa kuchangia kasa wenye kifungo cha kasa ni kichekesho kibaya. Kombe pia liache, huenda likawa nyumba ya kaa. Kifuu cha nazi kinatosha: kata duara la sentimita 2.5, piga msasa mpaka kingo zisikwaruze uzi, toboa matundu mawili, paka mafuta ya nazi kidogo. Upande wa pili tia kitanzi cha cheni 9, na uzi wa kifungo ushike bitana, usishike kroshia peke yake.