Kumchora mhusika wa mwenzako bila kumpoteza

Chalenji za DTIYS (Draw This In Your Style), yaani "chora hiki kwa mtindo wako", ambapo mchoraji huweka mhusika wake mtandaoni na wengine wakamchora upya, zina sharti moja linalozaa mengine yote: anayemfahamu mhusika wa asili amtambue papo hapo, na anayezifahamu kazi zako ajue ni mkono wako. Michoro mingi hutimiza upande mmoja tu. Ama ni nakala iliyobadilishwa brashi, ama ni mtu mgeni aliyeazima nguo za mhusika.

Kwa hiyo kwanza amua kipi kitabaki. Mtazame mhusika kama dakika kumi, funga picha, kisha mchore kwa kumbukumbu bila kujali uzuri. Vitakavyotoka vyenyewe ndivyo vitambulisho vyake, na mara nyingi havizidi vinne. Mei 2020, wachoraji wa nchi nyingi walipochora upya fremu moja ya Sailor Moon, shujaa wa katuni ya Kijapani, kila mmoja alikuja na macho yake, pua yake na rangi zake, lakini vile vifundo viwili vya nywele vyenye mikia mirefu vilitosha kumtambulisha.

Sasa tuseme mhusika ni binti mfupi, urefu wake vichwa vitatu (yaani kichwa chake kikipangwa mara tatu kinafikia kimo chake), mwenye skafu nyekundu inayomfika magotini na taa ya chemli mkononi. Wewe umezoea kuchora watu warefu wa vichwa sita. Ukirefusha mwili ukaiacha skafu na kipimo chake cha zamani, itaishia juu ya kitovu, na kitu kilichombeba mhusika mzima kitageuka pambo la shingoni. Usihamishe kipimo, hamisha uhusiano. Skafu ilifika magotini, basi ifike magotini. Chemli ilifunika nusu ya kiwiliwili, iendelee kufunika nusu hata kama itabidi iwe kubwa kuliko kichwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na mchoraji huhangaika na rangi akidhani tatizo liko huko.

Mtindo wako nao uutafute kwenye ushahidi. Panga michoro yako mitano ya karibuni, uandike unavyochora pua, vidole vina kona au ni mviringo, mistari inanenepa wapi, nywele unazichora mafungu au unywele mmoja mmoja. Orodha hiyo itumike tangu kwenye kiunzi cha mwili. Ukifuatisha mistari ya asili kwanza halafu ukatarajia kuingiza mtindo wakati wa kupaka rangi, umechelewa, kwa kuwa maumbo yameshafungwa. Tena wenyeji wengi wa chalenji, yaani walioianzisha, wanakataza kufuatisha, na ukiweka picha moja juu ya nyingine jambo hilo huonekana dakika hiyo hiyo.

Chora vijichoro sita vya sentimita 4 kwa 5, pozi tofauti. Vijaze vyeusi tii. Kile ambacho skafu na chemli bado vinasomeka kwenye kivuli ndicho cha kuendelea nacho. Mkono wenye chemli ukipita mbele ya tumbo, taa humezwa na mwili. Usogeze kando, nafasi ionekane kati yao.

Rangi si lazima zifanane, ila mpangilio wa mwanga na giza uuheshimu. Kama skafu ndiyo iliyong'aa kuliko vyote, isizidiwe na mandhari. Igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe kila baada ya muda uone. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote hapa ni ngozi: mhusika mweusi asitoke mweupe, na mnene asikondeshwe. Mara nyingi hutokea bila kukusudia, leya (tabaka za mchoro kwenye programu) za mwanga zikirundikana juu ya rangi ya msingi. Linganisha sehemu ya shavu isiyo na mwanga mkali na ile ya asili kabla hujaunganisha leya.

Kwa Instagram, picha ya wima ya uwiano wa 4 kwa 5 ni pikseli 1080 kwa 1350. Fanya kazi kwenye 2160 kwa 2700, kisha punguza mwishoni. Hifadhi faili kwa sRGB, mfumo wa rangi wa skrini, maana faili ya CMYK iliyotengwa kwa uchapaji huweza kutoka na rangi zilizofifia au kugeuka. Uso uuweke mbali na kingo, kwa sababu gridi ya wasifu hukata. Kama umechora kwenye karatasi, piga picha kando ya dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na karatasi. Karatasi nyeupe hutoka kijivu kwa kuwa kamera hujaribu kuleta mwanga wa wastani. Pandisha mwanga kidogo kabla ya kupiga.

Wakati wa kuposti, mtagi mwenyeji kwenye picha na kwenye maelezo, nakili hashitagi yake herufi kwa herufi, na weka picha ya asili iwe ya pili kama ameruhusu. Akaunti yako ikiwa ya faragha, wasiokufuata hawataiona posti hata kupitia hashitagi, na mwenyeji naye anaweza kuikosa. Siku ya mwisho isome kwa saa za mwenyeji.

Mhusika bado ni mali ya mwenyewe. Ruhusa ya kushiriki ni ya kuchora na kuonyesha. Stika au nakala za kuuza zinahitaji ruhusa nyingine, tena ya maandishi. Na ukipata ujumbe kwamba umeshinda, utume kwanza pesa ya kusafirishia zawadi, angalia jina la akaunti herufi moja moja. Matapeli hunakili picha na jina la mwenyeji na kuongeza nukta au mstari wa chini (_) mmoja tu.