Tove Ditlevsen hakubebwa na mumewe

Kila ninapofundisha ushairi wa Denmark wa karne ya 20, hakosi mtu wa kudai kwamba Tove Ditlevsen alichapishwa katika jarida la Vild Hvede kwa sababu mhariri wake, Viggo F. Møller, alikuwa mumewe. Dai hili limenichosha, maana tarehe zenyewe zinalikanusha: shairi lake «Til mit døde barn» lilitoka humo mwaka 1937, ilhali ndoa yao ilifungwa mwaka 1940.

Jarida hilo lilianza mwaka 1920 kwa jina la Klinte, likaja kuitwa Vild Hvede, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 linajulikana kama Hvedekorn. Majina yalibadilika, lakini kazi ya kuwapokea washairi wasiojulikana ilibaki. Poul Borum, aliyekuwa mhariri tangu mwaka 1968 kwa karibu miongo mitatu, aliiendeleza kwa bidii kubwa.

Wanaorudia dai lile ni nadra sana kuwa wamelisoma shairi lenyewe. Humo mama anamwambia mtoto wake aliyekufa kwamba hakuwahi kuisikia sauti yake, wala midomo yake iliyopauka haikuwahi kumtabasamia. Aliyeyaandika hayo alikuwa binti wa Vesterbro, mtaa wa wafanyakazi mjini Copenhagen, ambaye bado hakuwa na mtoto, na aliyekwisha kuacha shule akitafuta riziki katika kazi za nyumbani na za ofisini. Huzuni ile aliibuni kwa maneno mepesi yasiyojikweza, na mhariri yeyote mwenye sikio la ushairi angesita kulikataa shairi kama hilo.

Hata hivyo, tarehe hazimalizi kila kitu. Møller, aliyezaliwa mwaka 1887, alimzidi Ditlevsen kwa miaka thelathini, naye ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango ambao binti huyo alitamani sana kuupita. Kati ya shairi lile na ndoa, kipindi kinachojumuisha diwani yake ya kwanza, Pigesind, ya mwaka 1939, sithubutu kuchora mstari kati ya msaada wa mhariri na mapenzi ya mwanamume. Lakini shaka hiyo inahusu uhusiano wao, na haipaswi kurudishwa nyuma hadi mwaka 1937 ili kumpokonya mshairi beti zake. Ndoa yenyewe ilivunjika upesi, na mwaka 1942 Ditlevsen alitoa diwani nyingine, Lille verden.