Kabla ya Kununua Gitaa la Tumbo Tupu Lililotumika, Kagua Briji

Briji ya gitaa, yaani kipande kinachoinua nyuzi juu ya uso, hubadilishwa kwa muda mfupi, lakini tundu lililotobolewa kwenye uso wa gitaa halirudi kuwa mbao. Ndiyo maana tunamshauri kila anayetaka gitaa la umeme la tumbo tupu lililokwisha kutumika aanzie hapo, hata kabla ya kuliunganisha na amplifaya.

Jambo la kwanza ni kujua gitaa lilitoka vipi kiwandani, kwa sababu alama ileile kwenye gitaa moja ni kasoro na kwenye jingine ni halali. Gibson ES-175, iliyoanza kuuzwa 1949, ilikuwa na briji ya mbao iliyokaa juu ya uso bila kufungwa kwa skrubu, ikishikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Ukikuta nguzo za chuma zimezama kwenye uso wa gitaa hilo, ujue kuna mtu alipitisha keekee. Epiphone Casino ya 1961 nayo ni tupu kabisa ndani, ila nguzo za briji yake huingia kwenye ubao wa uso tangu kiwandani. Gretsch za miaka ya 1950 zilikuwa na briji isiyofungwa, na wapigaji wengi walikuja kuipigilia pini isihame wanapocharaza kwa nguvu. Gretsch nyingi za siku hizi huuzwa zikiwa na pini tayari. Kwa hiyo tafuta kwanza katalogi au picha za mwaka na toleo hilohilo.

Mabadiliko yanayotusumbua zaidi ni ya mkiani, pale nyuzi zinapofungwa nyuma ya briji. Gibson ES-335 ilipotoka 1958, nyuzi zake zilifungwa kwenye chuma kifupi kilichosimama juu ya nguzo mbili nene, nyuma kidogo ya briji. Kufikia 1965 kiwanda kilikuwa kimekiacha na kuweka kishikio kirefu kinachoning'inia kutoka ukingo wa gitaa. Wamiliki wengi waliopenda mtindo wa zamani walitoboa matundu mawili wakajiwekea nguzo. ES-335 ina gogo la mbao katikati ya mwili, kwa hiyo inahimili. Kinachopungua ni thamani. Balaa hutokea mtu anapofanya vivyo hivyo kwenye ES-330 au Casino, ambazo kwa nje zinafanana nayo sana. Humo hakuna gogo. Seti ya kawaida ya nyuzi huvuta kwa zaidi ya kilo 40, na ubao mwembamba uliobebeshwa mvuto huo peke yake huanza kuinuka na kupasuka. Gitaa la namna hiyo usilinunue kwa bei yoyote kabla fundi hajaliona.

Tahadhari moja: ES-335 kadhaa za zamani zilizoagizwa zikiwa na Bigsby, mtambo wenye mkono wa kutikisa mlio wa nyuzi, zilitobolewa matundu ya nguzo kiwandani, yakafunikwa kwa kibati kilichoandikwa "Custom Made". Kibati hicho si dalili ya udanganyifu.

Ukilishika gitaa, pitisha mwanga wa tochi juu ya uso kutoka ubavuni. Tundu lililozibwa huonekana kama kiduara kilichobonyea kidogo, au mahali ambapo mistari ya mbao inakatika. Kisha ingiza kioo kidogo cha daktari wa meno kwenye tundu la sauti uangalie upande wa ndani. Aliyeficha kazi yake nje kwa vanishi mara nyingi hakujisumbua kusafisha ndani. Taa ya miali ya urujuani nayo husaidia sana: vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa rangi ya kijani-manjano, na palipopakwa upya pakabaki giza.

Kitako cha briji isiyofungwa huchongwa kifuate mbinuko wa uso. Jaribu kupitisha karatasi chini yake. Ikipita, huenda briji si ya gitaa hilo, au uso umezama. Pima pia kutoka mwanzo wa shingo, pale nyuzi zinapoanza, hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo). Kutoka freti hiyo hadi briji panatakiwa umbali uleule na ziada ndogo. Tofauti kubwa ina maana briji imehamishwa. Usilegeze nyuzi zote kwa pamoja, maana briji itaanguka, na usibandike utepe kuweka alama mahali pake: vanishi kuukuu hung'oka nao.

Anayenunua kupitia mtandao aombe picha nne: uso mzima bila kivuli, briji kutoka ubavuni, sehemu ya chini ya kitako ikiwa kinatoka, na ndani kupitia tundu la sauti. Aulize pia kama briji ya asili ipo ndani ya kasha. Ikiwapo, na uso haujatobolewa, gitaa lililobadilishwa briji linaweza kurudishwa lilivyokuwa, na hilo tunalinunua bila wasiwasi.