Siasa ya Yasmin inaanzia mlangoni kwa Mwajuma

Kila mwaka nikianza kufundisha riwaya ya Vuta N'kuvute, majibu ya kwanza darasani huwa yale yale: "Dhamira ni ndoa ya kulazimishwa. Dhamira ni ukombozi." Wameyatoa kwenye vijitabu vya maswali na majibu, na siwalaumu, mtihani nao unadai. Lakini ukishazitia dhamira hizo kila moja kapu lake, riwaya imekuponyoka. Shafi Adam Shafi ameieleza siasa ya Unguja ya zama za mwisho za mkoloni kwa kufuata nyayo za msichana mmoja.

Msichana huyo ni Yasmin, Mhindi wa miaka 15, aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyekwisha kuvuka miaka 50. Anaikimbia ndoa. Kwao wanamkataa. Anayempokea ni shoga yake Mwajuma, Mwafrika wa mtaa wa Ng'ambo. Wasomaji wengi hapa hupita mbio kumwahi Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi na fikra za kikomunisti, maana wanaamini siasa inaingia naye. Mimi huwasimamisha wanafunzi hapa hapa. Siasa imeshaingia, pale Mwajuma alipofungua mlango.

Kumbuka utawala wenyewe ulivyokuwa. Mwingereza aliishika Zanzibar tangu 1890, na aliwatawala watu kwa mafungu ya asili zao. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa 1926, wajumbe wasio maofisa wa serikali waliteuliwa kwa mafungu hayo: Waarabu, Wahindi, Wazungu. Mwafrika wa kwanza alingoja hadi 1946. Mji nao ulikuwa hivyo hivyo, Mji Mkongwe upande mmoja, Ng'ambo upande wa pili wa hori lililokuja kufukiwa. Hebu lisikilize jina hilo. Ng'ambo ni ng'ambo kwa nani? Kwa aliyesimama Mji Mkongwe. Basi binti wa Kihindi anayekwenda kulala chumbani kwa Mwajuma amevuka mstari ambao dola nzima imekaa juu yake, na hajahutubia mkutano wowote wala kushika kadi ya chama.

Jina la kitabu nalo hulitazami mara moja ukaliacha. Hiyo "n'" ni "ni" ya "nikuvute", iliyomeza irabu yake kama inavyotamkwa Unguja. "Vuta" ni amri kwako; "n'kuvute" ni zamu yangu. Hakuna anayevutwa bure bure. Kila mmoja ana ncha ya kamba mkononi. Mkoloni na wapigania uhuru wanavutana, sawa, hilo kila mtu analiona. Lakini Yasmin na Denge nao wanavutana: yeye anamtaka mtu wake, Denge anatanguliza mapambano. Kwangu huu ndio mvutano mkali zaidi kitabuni, kwa sababu wote wawili wana haki.

Wapo wanaomlaumu Yasmin eti hana msimamo. Siafikiani nao hata kidogo. Mwandishi angeweza kumgeuza mwanaharakati kufikia katikati ya kitabu, tukampigia makofi, na uongo ungepita. Badala yake amemwacha awe msichana anayetaka kuishi na kupenda, kisha akaonyesha kwamba dola haijali kama wewe ni mwanasiasa au la. Polisi wa Inspekta Wright wanamwandama Denge, na wanapomtaka Yasmin awasaidie kumnasa, wanachokitaka kwake ni yale ambayo mwanamke anayajua kwa kupenda tu: mpenzi wake analala wapi, anakuja saa ngapi, anaongozana na nani. Siri za chumbani zinageuzwa ushahidi. Shafi, ambaye naye alionja kifungo cha kisiasa katika miaka ya 1970, anauandika woga huo bila kupandisha sauti, nami kila nikizifikia kurasa hizo hupunguza mwendo wa kusoma.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya swali lolote la dhamira, nawapa wanafunzi kazi moja. Rudini kwenye kurasa ambazo Denge hayumo. Andikeni kila mlango anaoufikia Yasmin, nani anaufungua, nani anaufunga, na kila mmoja anasema nini anapofanya hivyo.