Tonga: si mfalme anayechagua wabunge

Kwa kuwa Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ina mfalme, wengi huamini wabunge wake huteuliwa na ikulu. Sivyo. Tangu mageuzi ya 2010, viti 17 kati ya 26 hujazwa kwa kura za wananchi wa kawaida; 9 ni vya makabaila, yaani wenye vyeo vya kurithi, wanaochaguana wao kwa wao. Waziri mkuu hupigiwa kura na Bunge lenyewe. Kweli, mfalme bado ana nguvu kubwa: anaweza kukataa kuidhinisha sheria, na Agosti 2017 Tupou VI alilivunja Bunge mapema. Lakini tazama kilichofuata. Novemba, wananchi waliwapa wagombea wa upande wa ‘Akilisi Pōhiva, asiye kabaila, aliyekuwa waziri mkuu Bunge lilipovunjwa, viti 14 kati ya vile 17, naye akarudi madarakani.