Skripti umeisajili, wazo bado ni la wote

Wateja huniwekea cheti mezani na kuuliza: "Nimeshasajili, kwa hiyo hakuna mwingine atakayetengeneza filamu yenye wazo langu, sivyo?" Atatengeneza. Hata kesho.

Hakimiliki hailindi wazo. TRIPS ya 1994, mkataba wa kimataifa wa biashara na haki za ubunifu, inasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 9, na sheria ya Marekani katika kifungu cha 102. Mapacha waliotenganishwa utotoni wanakutana mahakamani, mmoja hakimu, mwingine mshtakiwa: hilo ni wazo, lichukue ukitaka. Kinacholindwa ni jinsi ulivyoliandika: mazungumzo, mfuatano wa matukio, wahusika waliojengwa wakawa watu. Ndiyo maana nawasihi, na nimechoka kuwasihi, wasikimbilie kusajili muhtasari wa ukurasa mmoja. Ukurasa huo utaulinganisha na nini katika filamu ya saa mbili? Maliza skripti kwanza. Mahakamani utatakiwa kuonyesha kwamba unayemtuhumu aliipata kazi yako, na kwamba kilichofanana ni maandishi, si mada tu. Basi tunza barua pepe uliyomtumia prodyuza, na kila rasimu yenye tarehe. Ukitaka wazo lenyewe lilindwe, dai mkataba wa usiri kabla hujafungua mdomo. Wengi watakataa kuusaini, na hapo ni juu yako kuamua kusema au kunyamaza.

Wengine huniambia: "Bila kusajili sina haki." Unayo tangu ulipoandika. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kama ulivyo leo, haufungi haki hiyo kwenye usajili.

"Kusajili WGA ndiko kusajili hakimiliki." Siko. Chama hicho cha waandishi wa skripti wa Marekani huhifadhi nakala na kuthibitisha tarehe. WGA West, ya upande wa magharibi, huitunza miaka 5, kisha unahuisha. Kwa kazi ya Marekani, mlango wa mahakama hufunguliwa na Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Ukisubiri hadi uibiwe ndipo usajili huko, kwa kawaida unakosa fidia iliyopangwa na sheria pamoja na gharama za wakili.

"Nimejitumia nakala kwa posta." Bahasha inaweza kutumwa wazi, ikajazwa baadaye. Majaji wanalijua hilo.

"Jina la filamu ni langu." Jina tupu halina hakimiliki.

Halafu kuna wanaosajili kila wakihamisha koma. Sajili rasimu unayotaka kuwaonyesha watu, na usirudi tena mpaka hadithi ibadilike kweli.