Pampu iliyokataa kuzima

Juzi niliitwa kwenye nyumba ambayo pampu ya maji ilikuwa imegoma kuzima. Tangi la juu linamwaga, boya limepanda hadi mwisho na swichi yake imekata, lakini pampu inanguruma tu. Nikafungua boksi, nikaigonga rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, kwa mpini wa bisibisi. Tak! Kimya.

"Umeshatengeneza, fundi?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Bado, mama. Nimezibandua tu."

Nilichobandua ni pointi. Koili ya rilei, yaani waya uliozungushwa, ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta kibati, na kibati kinasogeza pointi ya COM (ya pamoja) kutoka NC (inayofunga rilei ikiwa imezima) kwenda NO (inayofunga rilei ikiwaka). Umeme ukikatika, springi inairudisha. Hilo kila fundi analijua. Kinachosahaulika ni kwamba pointi zenyewe ni vidonge viwili vidogo vya aloi ya fedha, na fedha inayeyuka.

Zikikutana hazitulii papo hapo. Zinadunda kwa milisekunde chache, na kila mdundo una cheche yake. Sasa pampu ile ni ya hosipawa 1: ikishachanganya inakula kama ampea 5 au 6, ila wakati wa kuwaka mota huvuta hata mara tano au sita ya hapo. Aliyeifunga alisoma 10A kwenye kirilei cha bluu akaona inatosha na chenji inabaki. Zile ampea 30 hufika wakati uleule pointi zinadunda. Uso unayeyuka, unaganda, na siku moja pointi zinaganda zikiwa zimeshikana. Koili imeachia, springi inavuta, haiwezi.

Kuachana nako kuna balaa lake. Pointi zikianza kutengana, umeme hauachi kirahisi, unaruka pengo kama tao la moto. Umeme wa TANESCO ni AC, unageuka mwelekeo kila mara na kupita sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo tao linapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri ni DC, haupiti sifuri. Ndiyo maana rilei hiyohiyo imeandikwa 250VAC upande mmoja na 30VDC upande mwingine. Ukiiweka kwenye sola ya volti 48, usinipigie simu ikinuka. Na kama mzigo wa DC, yaani kifaa kinachowashwa, ni koili, mfano valvu, weka dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) kinyume, sambamba na mzigo huo, pointi zitakushukuru.

Halafu kuna huu ugonjwa wa msasa. Pointi za rilei ndogo hazisuguliwi! Unaondoa fedha, unaacha mikwaruzo, na zile za umeme mdogo wa ishara zilizopakwa dhahabu unaziua kabisa. Badilisha rilei.

Usiamini pia mlio wa mita unapopima kama pointi zimegusana. Mita inapitisha mkondo kiduchu, pointi mbovu inaweza kulia vizuri tu. Washa mzigo, pima volti kati ya pointi zikiwa zimefunga. Ukikuta volti 1 kwenye ampea 10, hapo kuna wati 10 za joto ndani ya kidude cha ukubwa wa kiberiti.

Ile ya mama niliipasua kwa kisu. Pointi moja ilikuwa na shimo, ya pili ina kichuguu kinachoingia sawasawa kwenye lile shimo. Nikafunga kontakta, yaani rilei kubwa ya mizigo mizito, ibebe mota, na rilei mpya ya bluu nikaiachia kazi ya kuwasha koili ya kontakta tu.